Ila ya Mnyama na Ila ya Gari: Khiyari ya Mnunuzi Kisiwani Pemba

Mtu wa Mkoani atakaye gari aghalabu hulinunua Unguja au Dar es Salaam, kwani huko ndiko ziliko yadi kubwa za wauza magari, na gari lenyewe, lililokwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kuvuka bahari, hupakiwa tena melini na kuteremshwa katika gati ya Mkoani, iliyo bandari kuu ya kisiwa cha Pemba. Ila yake, kama inayo, haidhihiri pale gatini ambapo kila kilichooshwa hung'ara; hudhihiri siku kadhaa baadaye, katika vilima vya njia ya Chake Chake, giaboksi inapokataa kushika na injini inapoanza kutoa moshi usiokuwapo siku ya mapatano. Hapo ndipo huzuka suali la kumrejeshea muuzaji mali yake, na wengi wetu hudhani kuwa suali hilo limeletwa na magari pamoja na sheria za Kizungu, ilhali makadhi wa pwani hii walikuwa wakilihukumu kabla ya gari la kwanza kushushwa Zanzibar.

Baina ya vitabu walivyovitegemea makadhi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wenyeji wengi wa Pemba, ni Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Katika mlango wa bei mna khiyari ya ila, yaani haki ya mnunuzi kuvunja biashara akiona katika alichokinunua kasoro iliyokuwapo kabla hajakabidhiwa, ambayo inapunguza thamani ya kitu au kuharibu makusudio yake. Ila zenyewe zimetajwa pasipo haya: mnyama mkaidi, mnyama aumaye, na mtumwa mwizi, au mtoro, au akojoaye kitandani. Hatuna budi kulitaja hili lilivyo, kwa sababu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu, wanadamu waliuzwa na kununuliwa kwa ajili ya mashamba hayo. Na ijapokuwa soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa haikuondolewa kisheria hata mwaka 1897. Hukumu zilizomlinda mnunuzi hazikumlinda aliyenunuliwa.

Msomaji asiichanganye khiyari hii na ile bei-khiyari iliyotajwa sana katika habari za mashamba yetu, ambayo kwayo mwenye shamba aliyehitaji fedha alimwuzia mwenye mali shamba lake kwa sharti ya kulikomboa, kisha akaendelea kukaa humo na kulipa ijara. Ile ilikuwa, kwa hakika yake, rahani iliyovishwa kanzu ya biashara ili riba isionekane, na madeni yake yaliwasumbua wakulima wa karafuu hata serikali ikaingia kati.

Jambo linalonistaajabisha katika mlango huo wa ila ni hukumu ya muuzaji ajivuaye dhamana mapema, akasema, nakuuzia kwa sharti kwamba simo katika ila yoyote itakayoonekana. Wauza magari wa leo huiandika sharti hiyo chini ya risiti, kwamba gari limeuzwa kama lilivyo na mali ikiuzwa hairudishwi, wakadhani wamekwisha kujifungia mlango. Kauli yenye nguvu kwa Nawawi ni kwamba sharti hiyo humfaa muuzaji katika jambo moja tu, nayo ni ila ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua; na sababu waliyoitoa wanavyuoni ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na tabia zake hugeuka, hata mwenyewe asiweze kuyajua yaliyo tumboni mwake. Ama ila aliyoijua akainyamazia, sharti haimwokoi. Wala haimwokoi katika ila ya kitu kisicho na roho, na gari, hata likiugua namna gani, halina roho.

Ukilifananisha hilo na sheria iliyokuja pamoja na himaya ya Waingereza ya mwaka 1890, utaona tofauti. Asili ya sheria yao ilikuwa kwamba mnunuzi na ajihadhari mwenyewe, na ingawa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 juu ya uuzaji wa bidhaa, ambayo mfano wake uliingizwa Zanzibar kwa dikrii, ilimpa mnunuzi dhamana kwamba bidhaa ya mfanyabiashara iwe yenye kuuzika, iliwaachia wenye kuuziana nafasi ya kuiondoa dhamana hiyo kwa mapatano. Tena dhamana yenyewe haikuwa nzito. Mwaka 1965 mahakama ya rufani ya huko ilihukumu kesi ya Bartlett, aliyenunua Jaguar kuukuu kwa wauzaji Sidney Marcus, na klachi ikawa mbovu zaidi kuliko alivyoelezwa; jaji Lord Denning akaona kuwa gari lililokwisha kutumika, maadamu laweza kuendeshwa kwa salama, limetosha, na mnunuzi akashindwa.

Hata hivyo fikihi haikumpendelea mnunuzi mvivu. Kurejesha ni papo hapo, kwa kadiri ya ada ya watu: akiijua ila naye anasali au anakula, ana ruhusa ya kumaliza, akiijua usiku, hungoja asubuhi. Na tangu alipoijua hana ruhusa ya kukitumia kitu, hata ikawa mtu akiuacha mgongoni mwa mnyama utandiko wake tu, haki yake imebatilika. Na mali ikipata kwake ila nyingine mpya, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kuipokea kama ilivyo, bali hulipwa arshi, ambayo ni fungu la thamani kwa kiasi cha upungufu wa ila ya kwanza, wasipopatana vinginevyo.

Makadhi sasa hawazihukumu kesi hizi, kwani sheria ya mwaka 1985 iliwaachia ndoa, talaka, mirathi na mengine yaliyo kama hayo. Kinga ya mnunuzi wa Zanzibar ilitungiwa sheria mwaka 1995, kisha sheria nyingine ya mwaka 2018 ikaweka tume ya ushindani halali wa biashara. Sina ugomvi na sheria hizo. Lakini muuzaji yuko ng'ambo ya bahari, na nauli ya gari melini, kwenda na kurudi, yaweza kumfanya mwenye haki aiache haki yake.

Wanavyuoni waliufikiria umbali pia. Muuzaji akiwa hayuko mjini, mnunuzi hupeleka shauri kwa hakimu wa mahali alipo, na akipata mashahidi huwashuhudisha kwamba ameivunja bei, ili kuchelewa kwa safari kusihesabiwe kuwa ni kuridhika kwake. Naona mtu wa Mkoani angefaidika na desturi hiyo hata leo: fundi aandike alichokiona, tarehe itiwe, na muuzaji aarifiwe siku ile ile.

Labaki suali la gari lenyewe, ambalo ili lirejeshwe Unguja sharti lifikishwe gatini, na likiendeshwa huenda muuzaji akadai kuwa limetumiwa baada ya ila kujulikana. Nawawi alimsamehe ampandaye mnyama mkaidi ambaye ni taabu kumswaga au kumkokota, kwani kumpanda huko ni njia ya kumrejesha. Na kwa kiasi cha hukumu hiyo, aliyeendesha kutoka kwake moja kwa moja hata melini hana lawama. Ama yule aliyekwisha kuijua ila, kisha akapakia kwanza watu wa harusi akawapeleka Kengeja na kuwarudisha, huyo gari ni lake.