Asili ya Neno "Bonasi"

Kila mwaka, ifikapo Oktoba, neno moja huvuma katika vilima vya Kisii na Nyamira. Neno hilo ni bonasi. Karo ya shule, mabati ya nyumba na madeni ya dukani, yote huahidiwa kulipwa "bonasi ikija". Basi yafaa tujue neno hili lilitoka wapi, na kama linafaa kwa kazi tuliyolipa.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na maana yake ni "mwema". Lakini Kilatini, kama Kiswahili, hubadili umbo la sifa kwa kufuata jina: mtu mwema ni bonus, na kitu chema ni bonum. Katika karne ya 18 wafanya biashara ya hisa wa London walitaka kutaja kitu chema, yaani fedha izidiyo haki ya mtu. Nao, ama kwa mzaha ama kwa kutojua, wakashika umbo la mtu badala ya la kitu. Kosa likazoeleka, na bonasi ikawa nyongeza itokayo katika hisani ya mtoaji.

Sasa tuitazame chai. Mkulima mdogo hupeleka majani kituoni yakapimwa, naye hulipwa kila mwezi sehemu tu ya thamani yake. Majani hutengenezwa kiwandani, kama Nyankoba au Kebirigo, na chai nyingi huuzwa kwa mnada Mombasa. Hesabu hufungwa mwisho wa Juni. Gharama zikisha kutolewa, fedha iliyobaki hugawiwa kwa kadiri ya kilo za kila mmoja. Hiyo ndiyo iitwayo bonasi.

Je, ni nyongeza? La, ni salio la bei ya mali yake mwenyewe. Wala tofauti hii si ndogo, maana apewaye zawadi hushukuru tu, bali alipwaye haki yake huuliza hesabu. Chai ya magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida hupata bei ya chini mnadani kuliko ile ya mashariki. Kwa hiyo malipo yapunguapo, mkulima ana haki ya kujua chai yake iliuzwa kwa bei gani, na gharama zilikuwa zipi.

Tuendelee kulitumia neno hili, kwani limekwisha kuzoeleka. Lakini tusisahau kwamba fedha yenyewe si hisani ya mtu.