Mbwa wa Washenzi na Gharama ya Damu Safi

Mwaka juzi jirani yangu alinikaribisha uani kwake nikaone watoto saba wa mbwa wa polisi, kama wengi wetu tunavyomwita German shepherd. Alikuwa na furaha ya mtu aliyevuna. "Daktari," aliniambia, akisahau kwamba udaktari wangu ni wa historia wala si wa mifugo, "hawa ni damu safi. Baba na mama ni ndugu, wametoka tumbo moja. Hakuna kilichochanganyika hapo." Watano kati ya wale saba walikuwa wamekwisha kulipiwa na watu waliowaona kwenye simu tu. Nilisifu, kama ujirani unavyotaka, nikaondoka. Kauli ile hata hivyo haikunitoka kichwani. Hoja iliyomo ndani yake haikuzaliwa uani kwa jirani yangu. Ina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita katika bara letu na katika lugha yetu.

Imani kwamba ubora wa mbwa hulindwa kwa kumfungia ndani ya ukoo wake ilipata taasisi yake kule Uingereza mwaka 1873, ilipoundwa Kennel Club jijini London. Tangu hapo mbwa akaanza kupimwa kwa majina ya mababu zake yaliyoandikwa katika kitabu cha nasaba, na asiyekuwamo kitabuni hakuruhusiwa kuingiza damu yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1883, Mwingereza Francis Galton akabuni jina la ile elimu yake ya kuboresha binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Mwaka uliofuata wakubwa wa Ulaya wakaketi Berlin. Sisemi kwamba wafugaji wa mbwa ndio walioleta ukoloni. Nasema tu kwamba msamiati wa "damu safi" na "chotara" ulikuwa ukizunguka katika sebule zilezile.

Kutoka Kongo ya Mfalme Leopold, mwaka 1895, wakapelekwa London mbwa wadogo wa kuwindia wasiobweka, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni. Walioneshwa katika maonyesho ya Crufts, na haukupita muda wakafa kwa distempa. Mbwa hao leo wanajulikana duniani kwa jina la Basenji. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Kwa Kilingala waliitwa mbwa wa "basenji", yaani mbwa wa watu wa porini, na neno hilo ni ndugu wa "washenzi" wetu, lile tusi ambalo watu wa pwani waliwabandika watu wa bara. Walowezi wa Kenya nao waliazima "shenzi" kumwitia mbwa wa mwenyeji. Kwa hiyo mbwa yule alisafiri kwenda Ulaya na jina la dharau, akafika, akaandikiwa kitabu, akawa mbwa wa nasaba. Nduguye aliyebaki kijijini akaendelea kuwa mbwa koko.

Jaribio lililofanikiwa ni la miaka ya 1930. Bi. Olivia Burn aliwapeleka Uingereza, na mwaka 1937 wakavuta umati Crufts. Marekani walikwenda wachache, na wengi wa kundi la kwanza walikufa kwa distempa. Mwaka 1941 mbwa jike mmoja aligunduliwa ndani ya meli iliyobeba kahawa kutoka Afrika Magharibi kwenda Boston. Akapandishwa na dume aliyesalia katika kundi lile lililokufa. Hivi ndivyo aina nzima ya mbwa ilivyojengwa: juu ya mababu wachache mno, walionusurika kwa bahati. Kisha kitabu kikafungwa.

Kilichofuata kinastahili kuelezwa polepole. Kila mnyama hubeba nakala mbili za vinasaba vyake, moja ya baba na moja ya mama. Zipo kasoro zinazojificha: mnyama mwenye nakala moja mbovu huonekana mzima kabisa, na ugonjwa hutokea pale tu nakala mbili mbovu zinapokutana. Katika kundi kubwa lililochanganyika hukutana kwa nadra. Katika ukoo mdogo uliofungiwa hukutana kila mara, kwa kuwa wote wanarithi kutoka kwa babu yuleyule. Kufikia miaka ya 1970 Basenji wengi walikuwa wakifa kwa upungufu wa damu wa kurithi. Kipimo kikapatikana, na wafugaji wakawaondoa katika uzazi mbwa wote waliobeba kasoro hiyo. Uamuzi huo ulikuwa na nia njema, lakini ulilipunguza zaidi kundi ambalo tayari lilikuwa dogo, na tatizo jingine likachomoza: ugonjwa wa Fanconi, ambao figo hushindwa kuzuia sukari na virutubisho visipotee kwenye mkojo. Ubaya wa ugonjwa huu ni majira yake. Kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na miaka minne hadi minane, wakati amekwisha kuzaa, watoto wake wameuzwa, na pengine wajukuu pia.

Tiba ikatafutwa wapi? Mwaka 1987, na tena mwaka 1988, wafugaji wa Kimarekani walifunga safari hadi Zaire, kaskazini mwa nchi, wakaingia vijijini kutafuta mbwa ambao hawajawahi kuandikwa katika kitabu chochote. Waliwakuta wakienda mawindoni na njuga shingoni, baadhi wakiwa na rangi ya michirizi. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club, kilifungua kitabu chake kuwapokea. Damu ya "washenzi" ikaitwa kuja kuiokoa damu safi. Kipimo cha vinasaba cha kutambua wabebaji wa Fanconi kilipatikana mwaka 2007, miaka sabini baada ya yale maonyesho ya Crufts.

Kumbuka kwamba hao walikuwa wafugaji makini. Walikuwa na kumbukumbu za vizazi, maabara, vyama na fedha za kupanda ndege. Hata Kennel Club yenyewe, baada ya filamu ya BBC ya mwaka 2008 kuuonesha umma hali ya mbwa wa nasaba, ilitangaza mwaka 2009 kwamba haitasajili tena watoto waliozaliwa na ndugu wa tumbo moja, wala wa baba na binti au mama na mwana. Ile sifa aliyonitajia jirani yangu kwa fahari imekataliwa na hao hao walioivumbua. Sisi tumebaki na imani yao bila kitabu chao na bila maabara yao.

Katika miji yetu familia hununua dume na jike kwa muuzaji mmoja, ambao mara nyingi ni ndugu, kwa ajili ya ulinzi. Ada ya shule inapokaribia, jike hupandishwa. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Mshahara wa mtumishi wa umma naujua. Lakini gharama ya biashara hiyo hailipwi na anayepokea fedha. Humwangukia mnunuzi, humwangukia mbwa mwenyewe, na huuangukia umma. Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili kichaa cha mbwa kikatike. Kila uzao ambao bwana mifugo hakuuona hukishusha kiwango hicho, na wasionunuliwa huishia sokoni na majalalani. Halmashauri hukumbuka baadaye, na hukumbuka kwa bunduki. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Sijawahi kusikia afisa wa mtaa wangu akiuliza uani kwa mtu ni nani amempanda nani.

Wale mbwa saba wa jirani sasa wangekuwa wakubwa. Mmoja alibaki nyumbani. Nyonga zake ni mbovu: hukaa chini kabla ya kufika kwenye ngazi ya baraza, na watoto wa nyumba ile humbeba kumpandisha. Nilimuuliza jirani kuhusu wale sita. "Daktari, nitawajulia wapi?" alijibu. "Namba za simu za watu zilipotea nilipobadili simu." Mama yao alikuwa amelala kivulini nyuma yake, tumbo limejaa tena.