Caguwa ya Mbugangari: Historia ya Watu Wasionunua Nguo Mpya

Mnyarwanda anapotamka neno caguwa, huwa anasema Kiswahili, ajue asijue. Asili ya neno hilo ni kitenzi chetu chagua, jinsi kilivyosikika vinywani mwa wachuuzi waliomwaga nguo kuukuu juu ya turubai na kuwaita wapita njia wachague. Kinyarwanda kililipokea neno, kikaliandika kwa tahajia yake na kulifanya nomino. Caguwa ni nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, mara nyingi mtu wa Ulaya au Marekani, ikatufikia imebanwa ndani ya robota. Watanzania na Wakenya huiita mitumba, kwa kutazama ule mzigo. Sisi tulichukua sauti ya muuzaji.

Insha hii inahusu Mbugangari, mtaa wa mji wa Gisenyi wilayani Rubavu, ambako nimekulia. Mbugangari ni soko, na ni mahali pa kupitia kuelekea mpaka wa Goma, ule unaoitwa Petite Barrière, ambao kabla ya korona ulikuwa ukivukwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku kwa miguu. Shangazi yangu aliuza caguwa sokoni hapo kwa miaka mingi. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba naandika historia ambayo ilinilisha na kunivika.

Swali langu lilianza na habari niliyosoma nikiwa mwaka wa kwanza. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaojiwekea nadhiri ya kukaa mwaka mzima bila kununua nguo mpya, ili kulinda mazingira na kuokoa fedha. Nilicheka. Katika nyumba yetu, hadi namaliza sekondari, nguo mpya nilizopata zilikuwa sare za shule, na mara moja shati la kitenge lililoshonwa kwa ajili ya harusi ya mjomba. Nyingine zote, hata za Noheli, zilitoka kwenye turubai. Hatukuweka nadhiri yoyote. Ndipo nikajiuliza: ni nani aliyeamua kwamba sisi tusinunue nguo mpya? Na ilikuwaje mwaka 2016, pale serikali ilipoamua kwamba sasa tuzinunue?

Zamani mavazi ya nchi hii yalikuwa ngozi na impuzu, yaani nguo ya gome la mti wa umuvumu lililopondwa kwa nyundo ya mti hadi likalainika. Upande wa pwani, kitambaa kilichotawala katika karne ya 19 kilikuwa pamba nyeupe iliyoitwa amerikani, kwa kuwa ilitoka kwenye viwanda vya Massachusetts na kushushwa Unguja. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na amerikani ikaenea bara pamoja na misafara, ikawa nguo na ikawa fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba, wafanyabiashara wa Kiingereza na wa Kihindi walijaza pengo. Rwanda ya Mwami Rwabugiri haikuwafungulia mlango wafanyabiashara wa pwani. Nguo za dukani zilitufikia kwa wingi baadaye, chini ya Wajerumani na kisha Wabelgiji. Nayataja haya kwa sababu moja. Marekani iliyotuletea nguo mpya katika karne ya 19 ndiyo iliyogombana nasi katika karne ya 21 ili tuendelee kupokea zake za zamani.

Kabla ya kufika huko nipitie Tanzania, maana somo lenyewe lilishafundishwa pale kwa ukali zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Mwalimu Nyerere ilijenga viwanda vya nguo. Cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Uingizaji wa mitumba ulizuiwa, kwa hoja kwamba taifa huru halipaswi kuvaa makombo ya wengine na kwamba pamba ya mkulima ishonwe nyumbani. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikwisha, vipuri vikakosekana, na mashine zikasimama. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika wakingoja mita chache za kitambaa. Wengi walikaa miaka bila nguo mpya, na hawakuwa na ya zamani ya kuinunua kihalali. Mitumba iliyopenya ilipewa jina la kafa Ulaya, yaani nguo za mtu aliyekufa huko. Jina lina dharau na hofu kidogo, lakini watu walizivaa. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, mitumba ilimiminika, na viwanda vilivyokuwa taabani vikazidi kudidimia. Kenya ilipita njia hiyo hiyo miaka ya 1990: Gikomba ikanawiri huku viwanda kama KICOMI cha Kisumu vikifungwa.

Sikubaliani na wanaosema mitumba peke yake ndiyo iliyoviua viwanda hivyo. Madeni, umeme, uongozi mbovu na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia vilikuwa kazini pia. Rwanda yenyewe ilikuwa na kiwanda kimoja kikubwa cha nguo, UTEXRWA cha Kigali, kilichoanzishwa mwaka 1984, na hakikuwahi kutosha kulivika taifa zima. Baada ya 1994, nchi ilipokuwa imeangamizwa na watu wanarudi mikono mitupu, caguwa ndiyo iliyopatikana kwa bei waliyoiweza. Gisenyi iliipata kirahisi kuliko miji mingi, kwa kuwa Goma iko hatua chache tu na miji hii miwili imezoea kulishana na kuvishana. Si bure kwamba mwaka 1976 jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliundwa hapa hapa Gisenyi.

Sasa tufike kwenye tukio lenyewe. Tarehe 2 Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha, wakaagiza kwamba uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba upunguzwe hadi uishe ndani ya miaka 3. Rwanda haikutangaza marufuku. Ilitumia ushuru. Katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2016, ushuru wa nguo kuukuu ulipanda kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo.

Takwimu hiyo huandikwa katika makala nyingi kisha mwandishi akapita. Mimi naomba tukae nayo kidogo, kwa sababu shangazi alikaa nayo usiku mzima akiwa na daftari na kalamu. Robota la kilo 45 lilikuwa likilipiwa dola 9. Sasa likalipiwa dola 112.50. Mchuuzi wa Mbugangari hakuwa mwagizaji. Alinunua robota kwa tajiri, au nusu robota kwa kuchanga na wenzake, lakini ushuru ulimshukia hivyo hivyo. Tuchukue shati la gramu 250: ushuru wake ulikuwa senti 5 za dola, ukawa senti 62 na nusu. Tena kilo haijui kama nguo ni nzuri au mbovu. Blauzi nyepesi ya mwanamke wa mjini, ambayo ingeuzwa ghali, ililipa kidogo. Sweta na koti zito, vinavyotakiwa na wakulima wa viazi wa Bugeshi na Busasamana, kule juu chini ya volkano ambako asubuhi ni baridi kali, vililipa sana. Shangazi alisema neno ambalo sijalikuta katika ripoti yoyote: "Mwanangu, kilo haina huruma." Wateja wake wa milimani ndio waliopotea kwanza.

Serikali ilikuwa na sababu zake, na si haki kuzipuuza. Ilitaka viwanda vya ndani vipate soko chini ya mpango wa Made in Rwanda, ilizungumzia usafi, na ilizungumzia heshima ya raia. Katika darasa letu mwenzangu mmoja alisimama akasema haoni fahari ya taifa linalovaa nguo zilizokataliwa na wengine, na nusu ya darasa wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Sikuwa nimepinga neno heshima. Nilikuwa nimevaa suruali ya caguwa siku ile, na bila shaka naye pia.

Kutoka Marekani lilikuja jibu la haraka. Mwezi Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa huko, kinachojulikana kwa kifupi kama SMART, kilipeleka malalamiko serikalini kikidai kwamba hatua ya Afrika Mashariki inahatarisha ajira 40,000 za Wamarekani. Silaha iliyotumika ilikuwa AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za nchi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, iliyokuwa na viwanda vingi vinavyoshona kwa ajili ya soko hilo, ilijiondoa mapema katika mpango wa Arusha. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilibaki peke yake. Rais Kagame alisema mwaka 2017 kwamba ikibidi kuchagua kati ya AGOA na kukuza viwanda, kwake uchaguzi ni rahisi hata kama kutakuwa na maumivu. Tarehe 30 Julai 2018 Marekani ilisimamisha nafuu hiyo kwa mavazi kutoka Rwanda. Kwa hesabu ya Wamarekani wenyewe, mauzo yaliyoguswa yalikuwa kama dola milioni 1.5 kwa mwaka. Katika vita vya biashara hicho ni kiasi kidogo, na ndiyo maana Rwanda iliweza kusimama pale ambapo Kenya haikuweza.

Wasomi wengi wanaishia hapo: nchi ndogo ilikataa kutishwa. Ni kweli, nami najivunia. Lakini historia ya Kigali na Washington si historia ya Mbugangari. Mtaani kwetu watu hawakuanza kununua nguo mpya kwa sababu ushuru umepanda. Nguo za viwanda vya ndani zilikuwa ghali kuliko caguwa ya zamani, na nguo mpya za bei nafuu zilizojaa sokoni zilitoka China, ambazo wanawake walizilaumu kwamba huchuja rangi kabla ya msimu wa mvua kwisha. Wengi waliacha kununua kabisa. Huo ndio mwaka ambao mafundi cherehani wa mtaa wetu walipata kazi ya kugeuza kola, kutia viraka vya ndani na kushusha pindo za sketi za wasichana waliorefuka. Wazungu wa nadhiri ya mwaka mmoja wangetusifu.

Waliobaki walitazama Goma. Upande wa pili wa Petite Barrière, katika mtaa wa Birere, caguwa iliuzwa kwa bei ya zamani kwa kuwa Kongo haikuwa imepandisha ushuru wake. Mwanamke alivuka asubuhi akiwa na kapu la mboga na gauni moja mwilini, akarudi jioni amenenepa. Magauni manne, suruali mbili ndani, sweta kiunoni chini ya kitenge. Maofisa wa ushuru waliujua mchezo huo upesi, na wavushaji wa magendo, ambao hapa huitwa abacoracora, walitafuta vichochoro vya usiku. Kazi hiyo ni ya hatari na ni kosa la jinai. Sitaipamba. Walikamatwa watu, na mizigo ikataifishwa. Lakini mwanahistoria anayetaka kujua kama sera ilikubaliwa asisome hotuba peke yake. Asome pia mwili wa yule mwanamke aliyenenepa kati ya asubuhi na jioni.

Shangazi hakuvusha kitu. Aliogopa, na alikuwa na watoto. Aliuza robota lake la mwisho mwanzoni mwa mwaka 2017, ndio mwaka ambao, mwezi Februari, Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi nchini. Mimi nilifurahi kwa ajili ya masomo yangu. Yeye aliniuliza kama lugha hiyo itaniletea kazi, maana neno lake moja, lile alilokuwa akiliita sokoni tangu kabla sijazaliwa, sasa lilikuwa na ushuru. Alihamia kwenye vitenge, ambavyo ni vipya na vina heshima yake, ila mteja wa kitenge huja mara moja kwa mwaka. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, hata hao hawakuja.

Nilipokuwa nakusanya habari za insha hii nilimwomba anionyeshe daftari lake la hesabu. Kurasa za mwanzo zina orodha ya maroboti, bei, na majina ya wateja wa mkopo, wengi wao wa Bugeshi. Mbele kidogo, baada ya Julai 2016, mistari inakuwa michache. Ukurasa wa mwisho wa caguwa una kitu kimoja tu kilichoandikwa, sweta la mtoto, rangi ya kijani, halijauzwa. Nilimuuliza liliishia wapi. Akanikumbusha kwamba ndilo alilonalo mdogo wangu kila asubuhi anapokwenda shule, juu ya sare.