Mkaja: deni la siku arobaini

Mwezi uliopita kaka yangu alipata mtoto wa kwanza hapa London. Usiku wa nne akanipigia simu, saa tisa za usiku. Mtoto analia, mke analia, na yeye mwenyewe kajifungia chooni analia kimyakimya. Akaniuliza, "Hivi kina baba wa zamani walikuwa wanafanyaje?"

Jibu limo kwenye neno ambalo wengi wetu tumelisikia harusini bila kulielewa: mkaja.

Watu wakienda kuposa, mbali na mahari hutajwa vitu vya pembeni: kilemba cha baba, mkaja na mbeleko za mama. Sisi vijana tunadhani ni ujanja wa wazee wa kuongeza bei. Kumbe mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, na mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Bwana harusi anamshukuru mama mkwe kwa tumbo lililofungwa na mgongo uliobeba. Deni la uzazi lilikuwa linajulikana, tena linatajwa hadharani.

Angalia pia neno "mzazi". Kitabuni ni baba au mama. Kwa bibi zetu wa Pwani, ukisema "nyumba ile ina mzazi", kila mtu anajua kuna mwanamke aliyejifungua juzi, na hatakiwi kuguswa na kazi.

Mzazi alikaa ndani siku arobaini. Mimba ya kwanza, mara nyingi alirudi kwao kuzalia huko. Mmoja anamkanda kwa maji ya moto, mwengine anapika uji wa pilipili manga, mwengine anamwogesha mtoto, mwengine anafua. Na baba je? Kwa familia za Kiislamu, alimwadhinia mtoto sikioni, akatafuta mbuzi wa akika siku ya saba, akatoa pesa za matumizi. Baada ya hapo alikaa barazani. Si kwamba wote walikuwa wavivu. Ndani kulikuwa kumejaa wanawake wanaojua kazi, na yeye hakuwa na nafasi.

Mambo haya yaliandikwa zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliandika habari za uzazi, malezi na ndoa katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903. Wakati huo Mtoro alikuwa anafundisha Kiswahili Berlin. Yaani naye alikuwa Mswahili wa ughaibuni, kama sisi.

Sasa tuje huku kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, baadhi ya familia zilitawanyika, nyengine Oman, nyengine Uingereza. Watu walisafiri na mapishi, na udi, na picha za ukutani. Lakini shangazi watano na jirani wa mlango wa pili huwezi kuwatia kwenye sanduku.

Na sheria haikumsaidia baba. Sweden iliwapa wazazi wote wawili haki ya likizo ya kulea tangu 1974. Uingereza ilisubiri mpaka Aprili 2003 ndipo ikaweka kisheria wiki mbili za likizo yenye malipo kwa baba. Tanzania iliweka angalau siku tatu katika sheria ya kazi ya 2004, Kenya wiki mbili katika sheria ya 2007.

Mimi nilizaliwa 1994. Baba alirudi kazini siku ya tatu. Mama alibaki na mimi ghorofa ya nane, mapazia yamefungwa, wiki nzima bila kuzungumza na mtu mzima mchana. Haja ya kula hana, usingizi hana. Hakuna aliyesema kwamba yale ni maradhi. Nilipomuuliza baba juzi, alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Mimi nilidhani ni uchovu tu, mwanangu. Kwetu angekuwepo mama yake. Yeye angeona."

Hapo ndipo nilipoelewa. Zile siku arobaini hazikuwa uji tu. Zilikuwa macho. Wanawake wale walikuwa wanamtazama mzazi asubuhi na jioni.

Kwa hiyo kaka nilimwambia hivi: arobaini ni yako sasa. Uji upike wewe. Mtoto akishanyonya, mchukue, mcheulishe, mbadilishe nepi, mama alale. Mlaze chali, kila mara. Zamani hapa Uingereza wazazi wengi waliambiwa wawalaze watoto kifudifudi. Mwaka 1991 ikaanzishwa kampeni ya kuwalaza chali, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Bibi akisema vyengine, mjibu kwa adabu, lakini usibadilishe.

Wageni wape muda, waondoke mapema. Na mtazame mke wako. Machozi ya siku za mwanzo ni kawaida. Yakipita wiki mbili, au akisema mambo ya kukutisha hata siku ya kwanza, usingoje: mwambie mkunga au daktari. Na wewe mwenyewe ukizidiwa, sema. Chooni hakuna atakayekusikia.

Kaka alikaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Mkaja nilishautoa kwenye bahasha. Nilidhani nimemaliza." Nikasikia mtoto anaanza tena, na simu ikakatika.

Wiki hii waulizeni baba zenu: siku ulizozaliwa wewe, nani alikuwepo ndani? Majibu yenu tutayapokea kwa sauti au kwa maandishi. Wengine watanyamaza kwanza, kama wangu. Wape muda.