Imani isiyokatwa vipande: Otunga, Kaiser na Wakatoliki wa Gusii

Novemba 2024, maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliikemea serikali kwa kile walichokiita utamaduni wa uongo. Siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akaagiza shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, Kayole, zirudishwe.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo, maaskofu wa Afrika, kwa kauli ya Kadinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walikuwa wameijibu Roma kwamba mapadri wao hawatabariki wapenzi wa jinsia moja. Wapo Wakatoliki walioshangilia kauli ya Januari, kisha wakanuna ya Novemba iliposomwa. Ya kwanza waliiona ni dini, ya pili wakaiita siasa.

Anayeishi Kenyenya, katika nchi ya Abamachoge, ana sababu nzuri ya kuukataa mgawanyo huo. Historia ya Ukatoliki hapa Gusii imejengwa na watu ambao mgawanyo huo hawakuujua kabisa.

Wamisionari wa Mill Hill walifungua kituo chao Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Otenyo, mpiganaji wa Abagusii, amchome mkuki afisa wa Kiingereza, Geoffrey Northcote, na jeshi la mkoloni likalipiza kisasi kwa kuchoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Haukupita muda Waadventista Wasabato nao wakaanzisha kituo Nyanchwa. Tangu hapo ni kawaida ukoo mmoja kuwa na Wasabato na Wakatoliki, na pande zote mbili zilifundishwa dini yenye masharti: mke mmoja, kuacha waganga, kutunza siku ya Bwana.

Mei 1960 Kisii ikawa jimbo, ikitolewa katika jimbo la Kisumu. Askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, mwana wa chifu Sudi Namachanja wa Bungoma, aliyekuwa na wake wengi. Mwana wa mtu huyo alichagua useja na altare. Alikaa Kisii hadi 1969 alipohamishiwa Nairobi, na mwaka 1973 akawa kadinali wa kwanza wa Kenya.

Otunga hakuwa mtu wa kupindapinda maneno. Agosti 1996 aliongoza waumini katika bustani ya Uhuru Park, wakachoma kondomu na vitabu vya elimu ya ngono. Alilaumiwa sana, na waliomlaumu walikuwa na hoja nzito, kwa kuwa ukimwi ulikuwa ukizika watu kila wiki. Lakini haki inataka picha yake yote ionekane. Mwaka 1992, damu ilipomwagika katika mapigano ya kikabila Bonde la Ufa na mipakani mwa Gusii, Otunga alikuwa miongoni mwa maaskofu walioandika barua ya kichungaji wakiituhumu serikali kuhusika na mauaji hayo. Alipostaafu hakujijengea kasri. Alienda kuishi Nyumba ya Wazee, Nairobi, pamoja na maskini wanaotunzwa na masista, hadi alipofariki Septemba 2003. Leo Kanisa linachunguza maisha yake katika safari ya kumtangaza mwenye heri.

Otunga alipokuwa bado Kisii, mwaka 1964, alipokea padri mpya kutoka Minnesota, Marekani: John Kaiser, wa Mill Hill, aliyewahi kuwa askari wa miavuli. Kaiser aliishi Gusii karibu miaka 30. Alijifunza Ekegusii, akazunguka vigango kwa pikipiki, akajenga makanisa kwa mikono yake pamoja na waumini. Wasiojua maisha ya kigango, yaani kanisa dogo la kijijini, wafahamu kwamba padri hafiki kila Jumapili. Katekista ndiye anayeongoza sala, anayewafundisha watoto komunyo ya kwanza, anayesimama kaburini. Padri akija, foleni ya kitubio huanzia mlangoni na kuishia chini ya mti, naye hukaa hadi wa mwisho aondoke. Katika maisha hayo Kaiser aliijua Gusii nyumba kwa nyumba.

Katika mafundisho alikuwa mtu wa mstari wa Roma. Aliamini uhai ni mtakatifu tangu tumboni, ndoa haivunjwi, na padri hutii. Anayemdhania kuwa mwanaharakati aliyevaa kanzu hakumwelewa. Kilichompeleka mbele ya wenye mamlaka ni katekisimu ileile aliyowafundisha watoto wa Gusii.

Mwaka 1993 alihamia jimbo la Ngong. Huko alikuta kambi ya Maela, iliyofurika maelfu ya watu waliofukuzwa makwao Enoosupukia. Desemba 1994 serikali iliivunja kambi hiyo, watu wakapakiwa kwenye malori usiku na kwenda kutupwa mbali. Kaiser alikataa kuwaacha, akaondolewa kwa nguvu. Kisha akapelekwa Lolgorien, Trans Mara, ng'ambo ya mpaka ambao Abagusii na Wamaasai wamepigania mara nyingi.

Februari 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila. Mahali ambapo wengi walizungumza kwa mafumbo, yeye alitaja majina ya mawaziri na kumtaja Rais Moi mwenyewe. Mwisho wa mwaka huo serikali ilijaribu kumfukuza nchini, maaskofu wakamtetea. Bado alikuwa akiwasaidia wasichana waliomtuhumu waziri mmoja kwa ubakaji, tuhuma ambazo waziri alizikana. Asubuhi ya Agosti 24, 2000, mwili wake ulikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, amepigwa risasi ya kichwa. Wapelelezi wa FBI kutoka Marekani walisema alijiua. Mwaka 2007 hakimu Maureen Odero, baada ya kusikiliza mashahidi, aliamua kwamba aliuawa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Miaka kumi baada ya kifo chake, Agosti 2010, Kanisa Katoliki lilipinga rasimu ya Katiba kwa sababu ya kifungu cha 26, kinachokiri kwamba uhai huanza mimba inapotungwa kisha kikaruhusu mimba kutolewa katika hali fulani. Tulishindwa, karibu asilimia 67 ya wapiga kura walisema ndiyo. Sijutii upande ule. Ninachojutia ni kwamba wengi wetu tulidhani kutetea uhai kumeishia pale kwenye debe la kura.

Tayari Mei 2008 watu 11, wengi wao vikongwe, walichomwa moto hapa Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, Marani, wanawake wanne wazee wakauawa kwa tuhuma hizohizo. Watu wanaochukia utoaji mimba hawawezi kunyamaza jirani anapobebewa petroli kwa sababu amezeeka, macho yamekuwa mekundu na ana shamba linalotamaniwa. Mtoto asiyezaliwa na bibi asiye na mtetezi wanalindwa na amri moja: usiue.

Lakini sauti ya kuyasema hayo tunaiuza wenyewe, na hapo ndipo harambee ya kanisani inapotutia aibu. Misa ikiisha, kipaza sauti hukabidhiwa mheshimiwa, bahasha ikafunguliwa, kiasi kikatangazwa, kwaya ikapiga vigelegele. Jumapili ifuatayo padri atapataje sauti ya kuuliza fedha za zahanati au za barabara zilienda wapi? Kanisa lililoezekwa na mwizi humwogopa mwizi. Anyolo aliporudisha fedha zile alirudisha pia uhuru wa mimbari, na maparokia ya Kisii na Nyamira yanapaswa kumfuata kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto.

Sisi wahafidhina hupenda kusema kwamba tunalinda mambo ya kale. Basi tuyalinde yote. Tuendelee kufundisha ndoa, usafi wa moyo na heshima ya mtoto tumboni, bila kuomba radhi kwa yeyote. Na kwa sauti ileile tumkatae mgombea anayenunua kura, tuwafiche wazee wanaowindwa, tumwambie mwanasiasa akae kwenye benchi pamoja na waumini wengine na asiguse kipaza sauti. Hiyo ndiyo dini waliyotufundisha Otunga na Kaiser, na mmoja wao aliilipia kwa damu.