Postikadi Bila Bariadi

Niliwahi kupekua kifurushi cha postikadi kuukuu nikiitafuta Bariadi. Haikuwamo. Postikadi zilifuata meli na wageni, ndiyo maana za Zanzibar zimejaa tele, zikiwamo za mpiga picha A. C. Gomes. Ukiona mnara umesimama peke yake mbele ya Beit-el-Ajaib, ujue picha ilipigwa kabla ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, hata kama kadi ilichapwa baadaye. Mnara ulioungana na jumba ni wa baada ya hapo. Nao ulianguka Desemba 2020.

Sisi wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa 2012, tulijulikana kwa pamba, na mnunuzi wa pamba hanunui mandhari. Nilirudi nyumbani nikaomba albamu ya mama. Katika picha ya harusi, nyuma ya maharusi, lipo duka lililokwisha kubomolewa.