Bibi Akiolewa Tena, Fungu Lake Katika Nyumba ya Babu Halipotei

Nyumba ikiwa Ngokolo, Shinyanga, au Ng'ambo, Unguja, hukumu ni moja. Babu akifariki na kuacha mke na watoto, mke hustahiki thumni (1/8), madeni yakishalipwa na wasia kutekelezwa (An-Nisaa 4:12). Haki hiyo huthibiti tangu mauti. Bibi akimaliza eda ya miezi 4 na siku 10 kisha akaolewa, si halali kumnyima. Mume mpya hamrithi babu. Humrithi bibi tu, bibi akitangulia kufa. Wajukuu waliofiwa na baba kabla ya babu huzuiwa na ami zao. Babu awausie, isizidi thuluthi. Mzozo ukizuka, Bara hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Zanzibar, kwa Kadhi. Wallahu a'lam.